Vyungu vya Zege Mlangoni kwa Mama

Kambini, 3 Februari

Dada yangu,

Usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Barua hii haiombi kitu, inatoa.

Jana mpishi wa meneja wa machimbo aliumwa, nikatolewa jikoni kwetu, ninakopikia wapasua mawe mia mbili, nikapelekwa kupikia watu watatu. Hao watatu ndio walionichosha. Lakini mlangoni kwao nimeona vyungu vya maua vya zege, viwili, vikubwa kiasi kwamba ningeweza kuoga ndani ya kimoja na mguu usitokeze nje. Nilisimama na masufuria mikononi nikivitazama mpaka mke wa meneja akaniuliza kama nimepotea.

Nikawaza nyumba yetu. Ngazi tatu, baraza, ukuta mtupu, na Mama amekaa pale jioni anatazama vumbi. Nataka awe na vyungu kama vile. Vya plastiki sivitaki, vinapauka na kupasuka. Vya udongo nilivunja mwenyewe vitatu kwa mpira, na kofi la baba bado nalikumbuka. Zege ndiyo yenyewe.

Si kuna yule fundi karibu na kituo cha mafuta, anayefyatua matofali na nguzo za uzio? Unampita kila siku ukienda kazini. Nenda ukachague. Wewe ndiye mwenye jicho na futi, mimi jicho langu ni la kujua chumvi tu.

Mkataba wangu unaisha Juni. Nikifika tunapokezana kukaa na Mama kama tulivyosema, nawe utalala mpaka uote mizizi.

Msalimie Mama. Sipigi simu, maana sheria yake naijua: simu ni ya misiba, mengine yaandikwe.

Mdogo wako,
Kijiko


Nyumbani, 15 Februari

Kijiko,

Barua yako imefika. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu ya vyungu vyako.

Jana nilikwenda kwa fundi. Nilitoka kiwandani saa saba, wiki nzima tumekata sare za shule nne, vitambaa hamsini kwa mpigo, na ile mashine ya kukatia inanitetemesha mpaka meno. Niliingia pale na futi shingoni, nimesahau kuivua. Fundi ni mzee mwenye saruji mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza kama nataka kuvishonea vyungu vyake suruali.

Kumbe kuchagua chungu ni kazi. Kwanza unakigonga kwa kidole kilichokunjwa. Kikilia kizuri, kimeiva. Kikijibu kwa sauti ya boga, ndani kuna matundu ya hewa na kitapasuka. Halafu unakiinamisha utazame kitako: tundu la maji lazima liwepo, tena lipite kidole gumba, la sivyo mizizi inaoza. Ukingo usiwe mwembamba kuliko vidole viwili. Na zege mpya ina chokaa inayounguza mizizi, kwa hiyo chungu kinajazwa maji na kumwagwa, kinajazwa na kumwagwa, wiki tatu, ndipo upande kitu. Nilimwambia fundi kwamba kwa uangalizi huo ningelea mtoto. Akasema mtoto angalau hukua akaenda zake.

Vile vikubwa vya duara, kama vya meneja wako, viko. Kimoja kitupu kinabebwa na wanaume wanne. Ukishakijaza udongo hakibebwi na mtu, kinakaa kilipo mpaka kiama. Hivyo sivitaki. Nimeona vingine virefu vyembamba, mfano wa hori la kunyweshea mbuzi, upana wake sentimita ishirini na tano. Vinakaa chini ya dirisha, havimsumbui mtu. Mama ataviona vizuri akiwa amekaa.

Mbele ya ngazi usiweke kitu. Nimepima. Pale lazima zibaki sentimita tisini wazi.

Mama hajambo. Anakaa sana siku hizi.

Jambo jingine. Bosi anafungua chumba kipya cha kukatia katika mji mwingine, saa tano kwa basi, na anataka niende nikakisimamie kuanzia Julai. Anataka jibu kabla Aprili haijaisha. Nimekwishamkataa mara mbili huko nyuma, unajua kwa nini. Safari hii nataka kwenda. Nimechoka, Kijiko, na si kwa kazi. Kwa hiyo niandikie unafika lini. Tarehe, si mwezi.

Dada yako


Kambini, 24 Februari

Dada,

Hori la mbuzi! Mama yetu, aliyelea watoto na kuwazika wazazi wake, aketi mbele ya hori la mbuzi!

Na hizo sentimita tisini ni za nini? Tumeanza kupokea magari barazani? Ngazi ile tulikuwa tunaishuka watoto watano kwa mkupuo, sisi na wa jirani, tumeshikana mikono. Picha ya nyumba ninayo hapa, imebandikwa juu ya mapipa ya unga, na naiona: ngazi katikati, kulia peupe, kushoto peupe. Pale ndipo pa vyungu. Kimoja huku, kimoja huku, kama walinzi. Watu wakipita barabarani waseme huyu mama ana watoto.

Unaogopa kazi ya kuvimwagia maji, nakujua. Usijali.

Habari za chumba kipya ni njema sana. Hongera, Dada. Mwambie bosi wako asiwe na pupa. Mimi ni Juni, au karibu na Juni, mambo ya kambi hayaandikiki kwa tarehe. Wiki hii tumepokea wapasua mawe wapya arobaini na wote wanakula kama wamefungwa mwaka mzima.

Kijiko


Kambini, 1 Machi

Kwa Fundi wa Zege, karibu na kituo cha mafuta

Shikamoo mzee,

Mimi ni mdogo wake yule dada mwenye futi shingoni, aliyekuja kwako akaondoka bila kununua. Dereva anayekuletea barua hii anakuletea na malipo.

Naomba vyungu viwili, vile vikubwa vya duara, vilivyokwisha kumwagiwa maji wiki zake zote. Vipeleke nyumbani kwetu Alhamisi mchana, dada akiwa kazini. Usimuulize kitu, atakataa, ni mtu wa kukataa vizuri. Kimoja kulia kwa ngazi, kimoja kushoto, vikae chini kabisa mbele, na mvijaze udongo papo hapo asije akavirudisha.

Maua uchague wewe, ila yawe magumu. Mimi nimesaini mkataba mpya hapa, sitakuwepo miaka miwili, na dada ana kazi nyingi. Nataka kitu kisichohitaji mtu.

Mpishi


Nyumbani, 15 Machi

Kijiko,

Sina salamu.

Alhamisi nilirudi saa kumi na moja. Kwa mbali niliona vitu viwili vya kijivu mbele ya nyumba, nikadhani nimekosea njia. Vyungu vimejaa udongo mpaka shingoni, maua mekundu juu. Mbao zangu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimepangwa kwa adabu, kama takataka za mafundi waliosahau kuzichukua. Mama alikuwa nyuma ya kizingiti, kwenye kiti chake, amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba wa kliniki mapajani. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa nane.

Kiti gani, utauliza. Mbao gani. Haya.

Oktoba Mama alianguka bafuni. Alivunjika nyonga. Alilazwa wiki tano, akarudi na kiti cha magurudumu, na daktari alisema kutembea tena ni majaliwa. Seremala alinitengenezea mteremko wa mbao juu ya ngazi, upande wa kulia. Kiti kina upana wa sentimita sitini na nane. Ongeza mikono yake ya kusukuma magurudumu. Tisini. Ndizo zile ulizozicheka.

Kila Alhamisi saa nane na nusu gari la kliniki humpitia kwenda kunyoosha viungo. Wiki hii lilikuja, likakuta mteremko umeondolewa na chungu cha uzito wa ng'ombe kimekaa pale unapoteremkia. Dereva alipiga honi, akashuka, akakuna kichwa, akaondoka. Orodha yao ni ndefu. Nafasi nyingine ni baada ya wiki tatu.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuwazuia wale watu, maana dirisha lilikuwa wazi na sauti anayo. Akasema, "Waliniambia ni zawadi ya mwanangu." Basi. Aliwaacha wamfungie ndani kwa sababu ni wewe.

Nilikuficha, ni kweli. Mama aliniapisha kitandani hospitali: Kijiko asiambiwe, ataacha kazi. Nikakubali, maana nilijua Juni unakuja. Nilikuwa nahesabu. Imebaki miezi minane, imebaki saba, imebaki sita. Asubuhi nikimnyanyua kutoka kitandani mgongo unalia, najiambia imebaki mitano. Hata mfungwa huhesabu hivyo.

Jana nilimfuata fundi kumgombeza. Mzee wa watu akatoa barua kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, imeganda saruji pembeni. "Mimi nimeandikiwa, mama. Soma mwenyewe."

Nimesoma. Miaka miwili.

Umeweza kumwandikia mfyatua matofali usiyemjua, mimi hukuweza. Februari unaniambia nitalala mpaka niote mizizi, kumbe umeshanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tena unataka maua yasiyohitaji mtu. Mama anahitaji mtu, Kijiko. Mimi nimekuwa huyo mtu miaka minane, tangu baba alipougua, na hakuna siku hata moja mtu aliyeniuliza kama nataka.

Usiniandikie.

Dada yako


Kambini, 23 Machi

Dada,

Nakuandikia ingawa umekataa.

Nilisaini tarehe ishirini Januari. Nilipokuandikia habari za vyungu wiki mbili zilikuwa zimepita. Ndiyo sababu ya vyungu. Kila nilipoipita ile picha juu ya mapipa nilikuwa naona aibu, nikatafuta kitu kizito cha kuweka pale mlangoni badala yangu.

Utauliza kwa nini nilisaini. Hawakunilazimisha. Kambi ni pabaya, vumbi la mawe linaingia mpaka kwenye uji. Lakini hapa napika, watu wanakula, wanasema asante, wanaondoka. Hakuna anayezeeka mbele yangu. Baba alipougua nilikuja siku tisa, unakumbuka? Wageni wote walinisifu, huyu kijana habanduki jikoni. Nilipika siku zote tisa ili nisiingie kile chumba. Wewe ulijua. Ukawa unabeba sahani zangu unampelekea.

Naogopa, Dada. Mwanamume wa miaka thelathini na tisa naogopa chumba cha mama yangu.

Nawe usinione mimi peke yangu ndiye mwongo. Ungeniambia Oktoba ningekuja.

Nadhani ningekuja.

Kijiko


Kambini, 31 Machi

Dada,

Magari mawili ya barua yamepita, sina kitu chako. Niandikie hata matusi. Mama amepata nafasi kliniki? Anatokaje nje? Nimewaambia mafundi wa hapa wanichoree namna ya kusogeza kitu kizito bila mashine, wananiuliza ni kizito kiasi gani, sijui niseme nini.

Kijiko


Nyumbani, 4 Aprili

Mwanangu,

Hii naandika mwenyewe, kwa penseli, dada yako yuko kazini. Herufi zikipanda mlima nawe panda nazo.

Barua zako mbili nimezisoma. Dada yako alizifungua, akazisoma amesimama, akaziweka chini ya redio. Amekuwa mtu wa kutosema kitu.

Maua yako ni mazuri, sitasema uongo. Ila sasa natokea mlango wa jikoni. Jirani na mumewe wananibeba, kiti na mimi ndani yake, kama bibi harusi mwenye hasira. Nikitaka kuyaona maua yangu lazima wanizungushe nyumba nzima. Juzi mume wa jirani alishikwa na kiuno, kwa hiyo siku tatu sijayaona.

Sikiliza. Kosa la kwanza ni langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilijua methali hiyo kabla hujazaliwa, nikamwapisha mwenzio hata hivyo. Nilijiambia nakulinda wewe. Kumbe nilitaka uendelee kuniona nimesimama kwenye ile picha yako. Ni kiburi cha mzee, usinicheke.

Sasa la pili. Chini ya kitambaa cha meza kuna barua ya dada yako kwa bosi wake. Anaikataa ile kazi. Hajaipeleka bado, anaitoa, anaisoma, anairudisha. Mara ya kwanza alikataa kwa ajili ya baba yenu. Mara ya pili wewe ulikuwa chuo cha upishi, mimi nina shinikizo la damu, nyumba haikuwa na mwingine. Hii ni ya tatu, na hakuna bosi atakayekuja kuomba mara ya nne. Ana miaka arobaini na sita.

Asubuhi ananiogesha, ananivisha, ananifunga vifungo, na hanitazami. Hana ubaya. Mkono wake umeshaijua njia. Jana alinichana nywele mara mbili kwa kusahau kwamba amekwishanichana. Mwanangu, nimechoka kutunzwa na mtu aliyechoka. Nampenda kuliko macho yangu, na nataka aondoke.

Woga wako nimeuelewa. Mimi pia ningependa kuwa mahali pengine mwili huu unapofanya mambo yake. Lakini mimi siwezi kusaini mkataba.

Kama huji, sema huji. Mwandikie kwa maneno yaliyonyooka, tutatafuta njia nyingine, hata kunihamisha kutoka hapa. Kama unakuja, usijibu barua hii. Njoo.

Mama yako


Kambini, 13 Aprili

Dada,

Usipeleke ile barua iliyo chini ya kitambaa. Mama ameniambia. Usimgombeze.

Leo nimekwenda ofisini kuomba kuachiwa. Karani alinitazama kama niliyechanganyikiwa, akasema nitaondoka bila barua ya sifa. Nimekubali. Wapasua mawe walipopata habari walipiga sahani kwa vijiko, sijui ni kwa huzuni au kwa furaha ya kupata mpishi mwingine.

Uliomba tarehe. Nafika Jumapili, tarehe ishirini na sita. Mwambie bosi wako ndiyo.

Sijaacha kuogopa. Nimeona niseme, ili usije ukadhani unayempokea ni mtu mwingine.

Kijiko


Nyumbani, 19 Julai

Dada,

Natumaini chumba chako cha kukatia kinaendelea vizuri na wasichana wako wanakusikiliza. Huku tumefika wiki ya nne tangu uondoke, na nakuandikia nimekaa kwenye beseni lililopinduliwa kwa sababu nikikaa kitini nitalala.

Nianze na vyungu. Sasa nimevimaliza, maana ulipokuwa hapa tuliishia kukisogeza kile cha kulia. Cha kushoto nacho kilikuwa kinambana Mama akigeuza kiti. Nilichota udongo wote kwa koleo, nikawaita wanaume watatu, tukapitisha mabomba ya chuma chini yake tukakiviringisha, bomba likitoka nyuma linarudishwa mbele, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Fundi wa zege alikuja kutazama akaketi juu ya ndoo akitoa ushauri. Mama ndiye aliyesema kikae wapi. Alijisukuma, akanyoosha mkono mpaka akagusa ukingo, akasema hapa. Maua nimeyahamishia kwa jirani. Ndani nimepanda vitunguu vya majani na giligilani. Mama anasema kugeuza mbele ya nyumba kuwa jiko ni aibu, lakini kila asubuhi anakwenda kuchuma na kunipa, tena anachagua.

Sasa yaliyobaki. Mama hataki nimwogeshe. Wiki ya kwanza alikataa kabisa, jirani akawa anakuja. Wiki ya pili jirani alisafiri. Tulikaa pale bafuni, maji yanapoa, yeye amefumba macho, mimi nimefumba macho, sabuni ikaniponyoka ikaenda chini ya mlango. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli, na mimi nikalia, kisha nikamwogesha. Tangu siku hiyo tunaendelea. Bado naogopa kila mara nikifungua ule mlango.

Nilipikia watu mia mbili, Dada, na mmoja huyu simwezi. Chumvi imezidi, chumvi haipo, dada yako alikuwa anakata viazi hivi, dada yako alikuwa anaweka mto hivi. Leo ameniita mara kumi na nne kabla ya chai. Nimehesabu. Bega limenikaza, upande ule ninaomnyanyulia. Miaka minane. Nilikuwa naandika kwamba utalala mpaka uote mizizi, na nilidhani ni utani.

Anakuulizia sana. Ukisikika mlio wa basi anageuza shingo. Njoo, Dada. Hata siku mbili. Wiki ijayo, au mwisho wa mwezi ukifunga chumba. Si kwa ajili yangu. Au tuseme ukweli, ni kwa ajili yangu pia.

Mdogo wako,
Kijiko


28 Julai

Kijiko,

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa kazini, nikakata mikono ya mashati ishirini bila kuacha nafasi ya mshono. Wasichana wamenificha kwa bosi. Wananisikiliza, ndiyo, na wananicheka pia.

Hapo kwenye sabuni nimelia. Mama hajawahi kucheka nami bafuni. Labda nilikuwa mwepesi mno, nilitaka yaishe.

Kwa bega: usimnyanyue kwa mikono. Piga goti moja, aweke mikono yake shingoni kwako, hesabuni pamoja, nyanyuka kwa mapaja. Ningekuonyesha Juni, lakini nilikuwa na haraka ya kuondoka. Mto wa pili uwe chini ya goti la kulia, si katikati. Viazi anadanganya, nilikuwa nakata nilivyojisikia.

Nikuambie habari zangu. Nina chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa ghala. Kitanda, ndoano tatu, jiko la mafuta. Jumapili ya kwanza niliamka alfajiri, nikasimama katikati ya chumba nimenyoosha mikono, tayari kunyanyua mtu. Hakukuwa na mtu. Nikarudi kitandani. Niliamka saa sita mchana, shuka limenichora usoni. Nikala mkate mkavu kwa kuwa sikutaka kumpikia yeyote, hata mimi. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilijilazimisha kwenda kutembea, nikafika kona ya barabara, nikageuka, nikalala. Nimelala usingizi wa miaka, na bado nikiamka nimechoka. Daktari wa kiwanda anasema itachukua muda. Nilimuuliza muda gani, akasema hajui.

Unaniuliza nakuja lini. Ningeweza kukuandikia kwamba kazi zimebana, na ungeniamini, maana hivyo ndivyo ulivyokuwa unaniandikia wewe na mimi nikikuamini. Kazi hazijabana. Basi la kuja huko linapita mbele ya kiwanda kila Ijumaa jioni na lina nafasi. Ijumaa iliyopita nilisimama kituoni na mfuko wangu. Lilipofungua mlango, konda akasema, "Mama, panda," nami nikarudi nyuma hatua mbili. Nikaona nikifika mtanipa kiti, nitakunywa chai, Mama ataniita mara moja tu, nami nitainuka, na sitakaa tena.

Siji mwezi huu. Agosti siji. Septemba sijui. Siumwi, sijakasirika, sikulipizii kisasi. Sitaki. Nawapenda nyote wawili na sitaki kuja. Sijawahi kuliandika neno hilo kwa mtu yeyote wa nyumbani kwetu.

Najua atageuza shingo akisikia basi. Najua na wewe umechoka, nami sikuonei raha. Lakini usimwambie kwamba nina kazi nyingi. Msomee Mama barua hii yote kama ilivyo, usiruke mahali.

Dada yako